Mtoto akitibiwa shuleni, anakosa siku ngapi za masomo? Majibu ya Marekani, Kenya na Malawi kwa shule za Kivu na Ituri

Katika daftari la mahudhurio la shule nyingi za Goma, Butembo, Bukavu au Bunia, mtoto ambaye hakufika darasani anawekewa alama moja tu: hayupo. Daftari halisemi kama alikuwa na malaria, kama tumbo lilimuuma, kama alirudishwa nyumbani kwa sababu ya feza ya shule, au kama alikwenda shambani na mama yake. Mwisho wa muhula direkta anahesabu alama, mzazi anaitwa, na mara nyingi mtoto anaitwa mtoro.

Kwa zaidi ya miaka 50, nchi mbalimbali zimejiuliza swali moja: huduma ya afya ikipelekwa ndani ya shule, au karibu kabisa na shule, je, watoto wanakuwa na afya nzuri zaidi? Na wanafika darasani siku nyingi zaidi? Majibu yapo. Mengine yanatia moyo, mengine yanakatisha tamaa. Kwa wazazi, walimu na wakubwa wa afya wa mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, yote mawili yana faida, kwa sababu feza ni kidogo na haifai kuitumia kwa jambo ambalo limeshajaribiwa kwingine likashindwa.

Siku moja ya homa, siku tatu nje ya darasa

Tuchukue safari ya kawaida ya mtoto mgonjwa katika miji na vijiji vyetu. Saa tatu asubuhi, mtoto wa darasa la tatu anaweka kichwa mezani. Mwalimu anamgusa paji la uso, anaona lina moto. Hana kipimo wala dawa. Anamwambia arudi nyumbani, na kwa kuwa ni mdogo, anamtuma mwenzake amsindikize. Hapo darasa limepoteza watoto wawili.

Nyumbani mama yuko sokoni mpaka jioni. Jioni wananunua vidonge kwenye farmasi ya mtaa, bila kipimo chochote. Kesho yake homa inapanda, wanaanza kutafuta feza ya fishi na ya dawa. Siku ya tatu ndipo mtoto anafika kituo cha afya. Hapo muuguzi anamtoboa kidole, anachukua tone la damu, na kipimo cha haraka cha malaria kinatoa jibu ndani ya dakika 15 hadi 20.

Jibu hilo la dakika 20 lingeweza kupatikana siku ya kwanza, saa tatu na nusu asubuhi. Dawa ya mseto ya malaria isiyo kali inamezwa kwa siku tatu tu, kwa hiyo mtoto aliyeanza dawa mapema anaweza kurudi darasani wakati mwenzake aliyechelewa ndiyo kwanza anapimwa.

Tufanye hesabu ndogo ya mfano. Darasa lina watoto 50. Kila mtoto akipoteza siku 2 kwa mwezi kwa sababu ya ugonjwa, darasa limepoteza siku 100 za masomo katika mwezi mmoja. Hakuna mtoto aliyekufa wala aliyelazwa, na hakuna redio iliyotangaza habari hiyo. Hata hivyo mwalimu amelazimika kurudia somo la kugawanya mara tatu, na bado kuna watoto ambao hawajalisikia hata mara moja.

Marekani: zahanati ndani ya ua wa shule

Mfano unaotajwa zaidi unatoka Marekani. Mwaka 1967, katika mji wa Cambridge, jimbo la Massachusetts, daktari wa watoto Philip Porter alianza kuweka wauguzi wenye mafunzo ya juu ndani ya shule za mitaa maskini, ili watibu watoto palepale. Mwaka 1970 kituo kingine kilifunguliwa kwa ajili ya wanafunzi wa Dallas, Texas, na mwaka 1973 kingine katika shule ya sekondari ya Saint Paul, Minnesota.

Sababu yao haiko mbali na yetu. Watoto wa familia maskini hawakuwa na daktari. Mzazi aliyelipwa kwa saa hakuweza kuacha kazi nusu siku ili kumpeleka mtoto hospitali, kwa hiyo alingoja mpaka hali iwe mbaya, kisha akakimbilia chumba cha dharura.

Tofauti na sanduku la huduma ya kwanza lililo ofisini kwa direkta ni kubwa. Katika kituo cha namna hiyo, muuguzi mwenye ruhusa ya kuandika dawa anapima na kutibu. Watoto wanapata chanjo. Wanaangaliwa macho na meno. Katika vituo vingi yuko pia mtu wa kusikiliza matatizo ya moyo na ya nyumbani. Mzazi anatia sahihi karatasi ya ruhusa mwanzoni mwa mwaka, na kituo kinashirikiana na hospitali au shirika la afya la eneo hilo. Shule inatoa chumba. Afya inatoa watu na dawa.

Hesabu iliyofanywa katika mwaka wa masomo 2016-2017 ilipata vituo 2.584 nchini humo. Kabla ya hapo, sheria ya afya ya mwaka 2010 ilikuwa imetenga dola milioni 200 kwa ajili ya kujenga na kuweka vifaa katika vituo hivyo. Mwaka 2015, jopo la wataalamu linaloishauri Marekani kuhusu kinga ya magonjwa lilipitia tafiti nyingi na kupendekeza vituo vya afya vya shuleni katika maeneo ya watu wa kipato kidogo.

Matokeo yake kwa wanafunzi? Katika mtaa wa Bronx, jijini New York, watafiti waliwaangalia watoto wenye ugonjwa wa pumu, ambao wengi kwetu wanauita asima. Utafiti huo ulitolewa mwaka 2003. Katika shule zisizo na kituo cha afya, asilimia 17,1 ya watoto hao walikuwa wamelazwa hospitali; katika shule zenye kituo, asilimia 10,5. Siku walizokosa masomo kwa mwaka zilikuwa wastani wa 21,3 pasipo na kituo, na 18,2 penye kituo. Ni siku tatu za masomo kwa kila mtoto.

Magharibi mwa jimbo lilelile la New York, utafiti wa mwaka 2010 ulihesabu muda ambao mwanafunzi anapoteza anaporudishwa nyumbani kabla ya saa. Wanafunzi ambao hawakuandikishwa katika kituo cha shule walipoteza muda karibu mara tatu zaidi ya walioandikishwa. Hii ndiyo safari ya yule mtoto wetu wa darasa la tatu: akitibiwa palepale, anarudi kwenye benchi lake, akikosa huduma, siku nzima imekwenda.

Jaribio lingine lilifanyika mjini Rochester, pia New York, kwa watoto 400 wenye umri wa miaka 3 hadi 10. Kila siku ya masomo muuguzi wa shule alimpa mtoto dawa yake ya kuzuia pumu na kuhakikisha ameitumia, na daktari alimfuatilia kwa njia ya video. Katika mwaka wa jaribio, asilimia 7 ya watoto hao walifika chumba cha dharura au kulazwa kwa sababu ya pumu. Kwa watoto wa kundi la kulinganisha ilikuwa asilimia 15. Dawa zilijulikana tangu zamani. Kilichoongezwa ni mtu wa kuhakikisha kwamba zinatumiwa kila siku, mahali ambapo mtoto yupo kila siku.

Hata huko, watafiti wanaonya. Mwanafunzi anayejiandikisha katika kituo cha shule pengine ana mzazi anayefuatilia mambo, na mtoto wa mzazi kama huyo angefika shuleni hata bila kituo. Ndiyo maana majaribio ambayo shule zinachaguliwa kwa kura ni ya thamani zaidi. Mengi ya hayo yalifanyika Afrika, na baadhi yalifanyika karibu na sisi.

Busia: kidonge cha minyoo

Katika wilaya ya Busia, magharibi mwa Kenya, kwenye mpaka na Uganda, mradi mmoja ulianza mwaka 1998 katika shule za msingi 75 zenye wanafunzi wapatao 30.000. Shule ziligawanywa katika makundi matatu ya 25. Kundi la kwanza lilipata dawa za minyoo mwaka 1998, la pili mwaka 1999, na la tatu mwaka 2001. Watafiti Edward Miguel na Michael Kremer walilinganisha makundi hayo wakati mengine yalikuwa bado yanangoja.

Minyoo haimuangushi mtoto kama malaria. Inamla taratibu. Mayai yanatoka na choo kikubwa, yanabaki kwenye udongo, na yanarudi mwilini kupitia mikono michafu. Kuna aina nyingine inayopenya ngozi ya miguu isiyo na viatu. Kichocho, yaani bilarzioze, kinapatikana kwa kuoga au kuteka maji yenye konokono wanaobeba kimelea hicho. Mtoto mwenye minyoo mingi anapungukiwa damu, tumbo linamsumbua, anachoka. Asubuhi nyingine anaamka, nyingine hapana.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha kwamba kukosa masomo kulipungua kwa robo katika shule zilizopata dawa. Hata watoto wa shule jirani ambao hawakumeza kidonge walifaidika, kwa sababu mayai ya minyoo yalipungua katika eneo lote. Gharama ilikuwa chini ya dola 1 kwa mtoto kwa mwaka. Kremer alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, kwa kazi za aina hiyo za kupima miradi kwa majaribio. Mwaka 2021, watafiti waliowafuatilia watoto wale miaka 20 baadaye walitangaza kwamba waliopata miaka miwili au mitatu ya dawa zaidi ya wenzao walikuwa wakipata mapato ya juu kwa asilimia 13 kwa kila saa ya kazi.

Pamoja na sifa hiyo, mambo mawili hayapaswi kufichwa. La kwanza, alama za mitihani hazikupanda: watoto walifika darasani zaidi, lakini hawakupata alama bora. La pili, mwaka 2015 wataalamu wengine walirudia hesabu, wakapata makosa, na wakasema ushahidi una nguvu ndogo kuliko ilivyodaiwa. Waandishi wa utafiti walikubali baadhi ya makosa na kushikilia kwamba mahudhurio yaliongezeka. Mabishano hayo hayajaisha.

Malaria: Bondo ilifaulu, Kwale haikufaulu

Kwa wasomaji wetu, ugonjwa wa kwanza ni malaria. Congo peke yake ina zaidi ya mgonjwa 1 katika kila wagonjwa 10 wa malaria duniani, na ni nchi ya pili baada ya Nigeria. Tunazoea kusema malaria inaua watoto wa chini ya miaka mitano, na ni kweli. Mtoto wa umri wa shule yuko katika hali nyingine: mwili umeanza kuzoea, kwa hiyo anaweza kubeba vimelea wiki nyingi bila homa. Anatembea, anacheza, lakini damu yake inapungua na akili haitulii kwenye somo.

Katika wilaya ya Bondo, magharibi mwa Kenya, watafiti walijaribu kuwapa wanafunzi wote wa shule walizochagua dawa ya malaria mara moja kila muhula, bila kuwapima kwanza. Shule 30 zilihusika. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2008 yalionyesha kwamba upungufu wa damu ulipungua karibu kwa nusu, na watoto waliweza kushika somo vizuri zaidi walipopimwa uwezo wa kuzingatia.

Kisha likaja jaribio la Kwale, pwani ya Kenya, katika shule 101. Huko njia ilibadilishwa: wanafunzi walipimwa kila muhula na dawa ikapewa wale tu waliokutwa na vimelea. Baada ya miaka miwili, upungufu wa damu ulikuwa uleule na masomo hayakuwa yamebadilika. Kwale haina malaria nyingi kama kando ya Ziwa Victoria, na mtoto aliyetibiwa alirudi kulala katika nyumba ileile yenye mbu walewale. Kilichosaidia wanafunzi wa Kwale kusoma ni sehemu nyingine ya mradi huo, ambayo iliwafundisha walimu mbinu bora za kufundisha kusoma.

Malawi ilijaribu jambo linalofanana zaidi na ndoto ya wazazi wengi. Katika wilaya ya Zomba, walimu wa shule za msingi walifundishwa kutumia kipimo cha haraka na kutoa dawa ya mseto kwa mwanafunzi mwenye malaria isiyo kali. Shule 58 ziliingia katika utafiti, nusu zikapata sanduku la vipimo na dawa. Walimu waliifanya kazi hiyo vizuri, na watoto wengi walikwenda kwao kutibiwa. Lakini ripoti ya mwaka 2020 ilisema wazi kwamba siku za kukosa masomo hazikupungua kwa kiasi cha kuonekana.

Shirika la Afya Duniani, OMS, liliongeza katika miongozo yake ya mwaka 2022 kwamba watoto wa umri wa shule wanaoishi penye malaria ya kati au nyingi wanaweza kupewa dawa ya kinga kwa vipindi, mtindo wa Bondo. Ukilinganisha Bondo, Kwale na Zomba, unaona kwamba shule inasaidia sana pale ambapo ugonjwa ni mwingi na dawa inawafikia watoto wote. Mahali ambapo malaria si nyingi, au mtoto anarudi kila jioni kwenye chanzo cha ugonjwa, chandarua cha nyumbani kinabaki kuwa muhimu kuliko sanduku la shule.

Maji, wasichana, na vita

Jaribio lingine la Kenya linatugusa kwa sababu ya pekee. Katika jimbo la zamani la Nyanza, shule 135 zilifuatiliwa. Baadhi zilipata ndoo za kunawia mikono, dawa ya kusafisha maji na mafunzo ya usafi, na nyingine ziliongezewa vyoo. Ukichukua shule zote pamoja, mahudhurio hayakubadilika. Lakini wakati wa mradi Kenya ilipita katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa mwisho wa mwaka 2007, na watu wengi wakahama. Watafiti walipoangalia maeneo ambayo hayakuguswa na uhamaji huo, waliona kwamba uwezekano wa msichana kukosa masomo ulishuka kwa asilimia 58. Kwa wavulana hakukuwa na tofauti.

Kwa mzazi wa Rutshuru, Djugu au Kalehe hilo halihitaji maelezo marefu. Ndoo ya maji na sabuni vinamrudisha msichana darasani wakati watu wametulia. Familia zinapokimbia, na shule inapogeuka makao ya waliohama, ndoo peke yake haitoshi.

Kuhusu wasichana, kuna jambo jingine ambalo shule zetu haziwezi kulikwepa. Msichana anayepata hedhi katika shule isiyo na maji wala choo chenye mlango anajua njia moja tu, kubaki nyumbani. Na msichana aliyebakwa anapaswa kufika kwa muganga kabla ya saa 72 kupita ili dawa ya kuzuia VVU iweze kumsaidia. Mwalimu ambaye hajui jina la muuguzi wa kumpigia simu anaweza kupoteza saa hizo bila kujua.

Tulicho nacho tayari

Mtu anaweza kusema Marekani ni tajiri, sisi tutapata wapi zahanati katika kila shule? Ni kweli, haitawezekana kesho. Tangu elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bure katika shule za serikali, Septemba 2019, madarasa yamejaa, na wako walimu ambao bado wanangoja kuingizwa kwenye orodha ya mishahara. Kuongeza muuguzi kwa kila ua wa shule ni ndoto.

Lakini muundo wa afya wa Congo unatupa msingi ambao haujatumiwa vya kutosha. Nchi imegawanywa katika zoni za afya 519, kila zoni ina maeneo ya afya, na kila eneo lina kituo chake chenye muuguzi mkuu, yule tunayemwita titulere. Wako pia watu wa kujitolea wa jamii, RECO, wanaopita nyumba kwa nyumba wakati wa chanjo.

Jambo la pili ni makanisa. Sehemu kubwa ya shule za msingi za Congo zinasimamiwa na Wakatoliki, Waprotestanti, Wakimbangu, Waislamu na wengineo kwa mkataba na Serikali. Makanisa hayohayo yana vituo vya afya na hospitali: Wakatoliki kupitia ofisi za afya za majimbo yao, BDOM, Waprotestanti kupitia jumuiya kama CBCA na CEPAC. Katika parokia nyingi, shule na kituo cha afya viko kwenye kilima kimoja, chini ya wakubwa walewale. Makubaliano kati ya direkta na titulere yanaweza kuandikwa kwenye ukurasa mmoja.

Jambo la tatu ni uzoefu. Walimu wa Congo wameshagawa dawa za minyoo na za kichocho shuleni katika kampeni za Wizara ya Afya. Wanajua kutumia ule mti wenye alama unaopima urefu wa mtoto ili kujua idadi ya vidonge vya kichocho. Kando ya Ziwa Albert huko Ituri, ambako kichocho ni kingi, kampeni kama hizo zikikatika watoto wanaanza upya, kwa sababu maji ni yaleyale. Na wakati wa Ebola, tangu Agosti 2018 ilipotangazwa Mangina mpaka Juni 2020 ilipokwisha, baada ya kuua zaidi ya watu 2.200, shule za Beni, Butembo na Goma ziliweka maji ya kunawa na kipimo cha joto mlangoni. Baadaye kipindupindu na Mpox vilidai mambo yaleyale. Katika shule ambako ndoo hizo zimekauka, kazi inabidi ianze tena kutoka sifuri kila mlipuko unapokuja.

Penye ugumu

Kikwazo kikubwa ni namna vituo vyetu vinavyoishi. Wauguzi wengi hawana mshahara wa Serikali wa kutegemea, wanaishi kwa feza ya wagonjwa. Titulere akienda shuleni asubuhi nzima bila malipo, anaacha watu wanaolipa. Ndiyo sababu huduma ya shule haiwezi kutegemea moyo mzuri peke yake. Ama zoni ya afya au mfadhili alipe siku hizo, ama komite ya wazazi ikubaliane juu ya mchango mdogo unaojulikana na wote. Lakini hapo kuna hatari: mchango huo ukigeuka sharti la kuingia darasani, mtoto maskini atafukuzwa kwa jina la afya yake.

Mwalimu naye asigeuzwe daktari. Malawi imeonyesha kwamba anaweza kutumia kipimo cha haraka, lakini alifundishwa, alisimamiwa, na dawa zilifika kwa wakati. Sanduku lisilojazwa tena baada ya miezi miwili linawafundisha wazazi kutolitegemea.

Ruhusa ya mzazi ni jambo jingine. Tunajua jinsi uvumi wa watu wanaokuja kuchoma watoto sindano unavyoweza kumwaga wazazi wote kwenye lango la shule kwa saa moja. Karatasi ya ruhusa inayotiwa sahihi mwanzoni mwa mwaka, ikieleza kwa lugha ya nyumbani nini kitafanyika na nini hakitafanyika, inazuia fujo hiyo kuliko tangazo la redio.

Pa kuanzia

Shule isiyo na feza inaweza kuanza na kalamu. Badala ya alama moja ya "hayupo", mwalimu aandike herufi moja zaidi: U kwa ugonjwa, F kwa feza, K kwa kazi za nyumbani, V kwa vita au kuhama. Baada ya muhula mmoja, direkta atajua kama shule yake inapoteza watoto kwa malaria, kwa kuhara, kwa hedhi au kwa mambo ambayo muuguzi hawezi kuyatibu. Kwale inatufundisha kwamba dawa nzuri ikipelekwa mahali pasipo na ugonjwa mwingi haizai matunda. Hesabu hiyo ndiyo inayosema dawa gani iende wapi.

Hatua ya pili ni makubaliano na kituo cha karibu: namba ya simu ya titulere ukutani, siku moja maalumu kwa wiki ambapo wanafunzi wanapokelewa bila foleni, na namna ya kumfikisha mtoto mwenye homa kabla ya saa sita. Ya tatu ni maji, sabuni, na choo cha wasichana chenye mlango unaofungwa. Ya nne ni kuuliza zoni ya afya kila mwaka tarehe ya dawa za minyoo, na kuhakikisha watoto wasiosoma wa mtaa nao wanaitwa, kwa sababu Busia ilionyesha kwamba ugonjwa wa jirani ni ugonjwa wa shule.

Hatua hizi hazitapandisha alama za mitihani peke yake. Mtoto aliyepona anahitaji mwalimu aliyelipwa, kitabu, na darasa ambalo sauti inafika benchi la nyuma. Lakini kabla ya hayo yote anatakiwa awepo. Komite za wazazi zinapokutana kuongea juu ya bati, madawati na michango, zinaweza kumuuliza direkta swali moja ambalo halihitaji bajeti: muhula uliopita, watoto wetu walipoteza siku ngapi kwa ugonjwa, na ugonjwa gani?